Mtoto Asiyeitwa na Mamaye

Talas, 3 Februari 1997

Bibi yangu,

Nakuamkia nikiwa nimeketi, maana kusimama bado ni kazi. Nimejifungua salama tarehe ishirini na nne ya mwezi uliopita. Ni mtoto wa kike, nywele nyeusi ti, na sauti ya kuwaamsha ng'ombe wa jirani. Watu wa nyumba hii wananitunza. Mama mkwe ananinywesha supu ya kondoo mpaka natokwa jasho la mafuta, na maji baridi haniruhusu hata kuyatazama. Usiwe na wasiwasi.

Kuna jambo dogo tu nataka uniambie, wewe usiyemfichia mtu neno. Mtoto amepewa jina la kizamani, la marehemu mama yake baba mkwe. Wanaume waliketi, wakamwadhinia sikioni, wakampa jina, wakala nyama, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimeshachagua Elvira. Bibi, darasani kwangu nina watoto arobaini, na kila asubuhi nawaita kwenye daftari: akina Diana, akina Aydana, akina Elvira. Jina kama hili tulilopewa sisi, siku mwalimu atakapolisoma, darasa zima litaangua kicheko. Niambie kweli: majina ya wazee yanawafaa watoto wa siku hizi? Au utasema nimeingiwa na wazimu wa televisheni?

Ukiona halifai, waandikie. Wewe watakusikia. Bado kuna nafasi, kwa sababu sherehe ya kumlaza mtoto kwenye susu, kitanda chake cha kubembezwa, itangoja njia ya milimani ifunguke, na susu linatoka kwetu, yaani kwako.

Mjukuu wako uliyemlea kwa mkono wako,
Cholpon

*

At-Bashy, 14 Februari 1997

Cholpon,

Anayeandika ni Jumagul wa posta, maneno ni yangu. Nimemwambia asinipambie. Akimaliza atanisomea, na nikisikia pambo nitampiga na fimbo yangu, anajua.

Ulipozaa, mwanangu, nilipiga vigelegele peke yangu uani mpaka mbwa akaingia chini ya mkokoteni. Jioni nikachinja jogoo, yule mkorofi. Hakukuwa na mgeni wa kumla, nikamla na baba yako Mukash, na mama yako akanywa mchuzi. Mungu amkuze. Akue awe na mifupa yangu, sura achukue popote.

Sasa niseme. Elvira! Elvira ni dawa ya kupaka ng'ombe chuchu. Jumagul anacheka, anasema siyo, ni mwimbaji. Basi mwimbaji kajiita kwa dawa. Mimi nimeona majina yakija na kuondoka kama fasheni za kofia. Jirani yetu Traktorbek alizaliwa mwaka trekta la kwanza lilipofika hapa, baba yake akaona hakuna neno zuri zaidi ya hilo duniani. Trekta liliharibika baada ya kiangazi kimoja, Traktorbek yupo mpaka leo, ana miaka sitini, ana wajukuu, na hakuna anayecheka. Hata huyo mama mkwe wako ni Roza, jina la ua lililotoka redioni. Wazee wa wakati ule walisema mtoto atanyauka. Amenyauka? Ana mikono kama mpiga mieleka, nilimwona siku ya harusi yako akinyanyua sufuria ya pilau peke yake.

Jina ni kama koti la baba. Siku ya kwanza linaburutika chini, kisha mtoto analikulia. Watoto wa darasani watacheka siku mbili, siku ya tatu watakuwa wanamcheka mwenye makamasi.

Kwa hiyo kama unaona aibu kwa ajili ya jina la wazee, aibu hiyo irudishe ulikoitoa. Mimi sikukulea uwaonee aibu wafu. Yule bibi kizee alikuwa mtu. Alinishika mkono siku ya harusi akaniambia, "Huyu mliyetuletea ni kipande cha moyo wenu, najua." Sitawaandikia wakweo neno.

Na barua ndefu hivyo, jina lenyewe hukuliandika. Ni lipi?

Bibi yako

*

Talas, 24 Februari 1997

Bibi,

Nimekusikia. Sikuwa na aibu, na marehemu simwonei aibu. Miaka miwili nilimchana nywele kila asubuhi, nikamkata kucha, na siku alipofariki kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Hilo ulijue.

Jina ni lile lile la marehemu, kila mtu wa huku analijua. Tuyaache hayo. Umesema linafaa, basi linafaa.

Kidonge changu kinanenepa. Nakiita Kidonge kwa sababu kimeviringana kama unga uliokandwa. Baba yake akirudi kutoka ghala la maharage anakinusa kwanza ndiyo anavua viatu. Mama mkwe amekifumia soksi, moja kubwa moja ndogo, kwa sababu alikuwa anafuma huku anakitazama. Theluji ya huku inayeyuka. Mniletee susu mtakapoweza.

Nakubusu mikono,
Cholpon

*

At-Bashy, 6 Machi 1997

Cholpon,

Mimi sikusoma shule hata siku moja. Watu wa serikali walipokuja kuandika watoto, baba yangu alinificha chini ya rundo la manyoya ya kondoo. Lakini mtu asiyejua kusoma husikiliza sana, na barua zako nimezisikiliza mara nne nne, Jumagul amechoka mpaka ananichukia.

Nimesikia hivi. Mtoto ni Kidonge. Mumeo ni "baba yake". Mkweo ni "baba mkwe", mwingine "mama mkwe", aliyekufa ni "marehemu". Nyumba nzima, na hakuna mtu hata mmoja mwenye jina! Nimekuuliza jina la mtoto wako waziwazi, ukanijibu kila mtu wa huku analijua.

Basi nikamwambia Jumagul ampigie simu mwenzake wa posta ya Talas. Dakika mbili tu. Mwenzake akasema, "Mjukuu wa Roza? Si wanamwita Burul, jina la bibi yao." Yaani mwanamke anayegonga mihuri, asiyemjua mwanangu, ameweza kulisema. Wewe uliyemtoa tumboni hukuweza.

Nikakaa chini. Nikasema: Ee mimi mpumbavu, nimemfokea mtoto bure.

Mnashika mwiko wa majina katika nyumba hiyo, sivyo? Mkazamwana hatamki jina la mkubwa yeyote wa ukoo wa mumewe, awe hai awe kaburini. Nilidhani ulikwisha kufa na kizazi changu. Mumeo ana gari na redio ya kaseti, nikadhani na hayo mengine yamepita. Kumbe wewe na mwiko huo mnalala nyumba moja, na sasa mtoto wako amewekwa ndani yake.

Kwamba Burul maana yake Geuka, hilo nalijua pia. Kuna baba aliyechoka kupata wasichana akamwambia Mungu ageuze mkono. Neno hilo silipendi. Lakini yule bibi alilivaa miaka themanini na tatu akalitia heshima, maana imekwisha kufutika. Sina ugomvi na jina.

Nijibu jambo moja, na usiniletee soksi: unaweza kumwita mwanao au huwezi?

Bibi yako

*

Talas, 15 Machi 1997

Bibi,

Siwezi.

Tangu nilipoolewa sijawahi kutamka jina la mtu mkubwa wa nyumba hii. Hakuna aliyenipiga wala kunitisha. Siku ya kwanza tu mama mkwe aliniambia polepole, "Mwanangu, sisi wa huku bado tunashika," nikashika, kwa heshima, wala haikuniuma. Uma wa kulia chakula anauita "wa kuchomea" kwa sababu jina lake linafanana na la mjomba fulani, na tulikuwa tunacheka sote. Nilidhani ni mchezo ambao nitaumudu.

Kisha wakampa mtoto jina hilo, nikafungua kinywa nikaona kimefungwa. Na kalamu pia imefungwa, ndiyo maana ulinisikia hivyo. Elvira sikumtaka kwa ajili ya uzuri. Ningekubali hata Traktor, Bibi, mradi niweze kulitamka.

Na hujasikia jambo lenyewe. Mama mkwe pia hawezi! Marehemu alikuwa mama mkwe wake. Miaka thelathini na moja ameishi naye akimwita Mama, hakuwahi kulitamka jina hilo hata mara moja. Na ni yeye aliyelitaka. Aliwaambia wanaume, "Mpeni lile la mama," kwa sababu alimpenda, wakampa, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wanaoshinda na mtoto ni sisi wawili. Sasa mimi namwita Kidonge, na yeye anamwita Mama. Mtu mzima anambembeleza mtoto wa wiki saba, "Lala Mama, nyonya Mama."

Juzi tulimpeleka kliniki kuchanjwa. Muuguzi akauliza, "Jina la mtoto?" Mimi nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama mimi. Muuguzi akauliza tena. Mama mkwe akasema, "Ni la bibi yao." Akaulizwa, "Bibi yao anaitwaje?" Akasema, "Marehemu." Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. Yule muuguzi akaandika kwenye kadi: hana jina. Ilibidi nikimbie mpaka ghalani nikamwite baba yake aje alitamke yeye, na viatu vyangu vilikuwa vya ndani.

Njiani kurudi mama mkwe alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nawaza. Mwakani atatembea. Hapa nyuma ya nyumba kuna mfereji wa kumwagilia maharage, una kina cha kifua changu. Atakapokwenda upande ule nitamwitaje? Kijiji kizima kina vidonge.

Usimlaumu mama mkwe, tafadhali. Sherehe ni Jumamosi tarehe tano Aprili. Susu likija na jambo likabaki hivi hivi, basi limekwisha: atalazwa kwa jina hilo na mwiko huo, na ukishamfunga mtoto kwenye susu hakuna anayerudi nyuma.

Cholpon

*

At-Bashy, 31 Machi 1997

Kwa Roza, mkwe wangu, mama yake Kubat,

Barua hii isome wewe mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanawake wote waliokuja kwenye susu, kabla mtoto hajalazwa. Mwanangu Mukash amepewa amri hiyo. Mimi goti limenikataza njia ya milimani, lakini mdomo haujanikataza kitu.

Susu ni hilo. Wamelala humo watoto wangu saba, kisha Cholpon. Nimelipaka mafuta ya mkia wa kondoo na kukaza kamba mpya. Kibomba cha kutoa mkojo nje ya susu nilichoweka ni cha msichana, chenye mdomo mpana. Kile cha mvulana nimekitia jikoni kikaungua, ili asije mtu akasema tunamngoja mwingine. Tuliyemngoja ndiye huyo.

Kwanza nakushukuru. Umemtunza mwanangu kama yai. Soksi nimezisikia. Ulipochagua jina la mkweo, ulifanya jambo la mwanamke mwema, na mimi ningefanya hilo hilo. Watu wanauliza kama majina ya zamani yanawafaa watoto wa leo. Yanawafaa! Afadhali Burul aliyewalisha watu kuliko binti wa televisheni aliyelilia gari.

Sasa keti, Roza, na wengine wakae.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba. Mume wangu alikuwa na kaka watatu. Wote niliwaita Shemeji. Huyu Shemeji, yule Shemeji, niliwatofautisha kwa kidevu. Mwaka wa pili, mwezi wa tatu kama huu, walikuwa wanavusha nyasi kavu kwa sileji, mkokoteni usio na magurudumu, juu ya barafu ya mto. Mimi nilikuwa ukingoni nachota maji. Nikaona barafu inabadilika rangi mbele ya yule wa kati. Yeye hakuona, alikuwa anatembea kinyumenyume akimvuta farasi. Nikaita, "Shemeji!" Nikaita kwa nguvu zangu zote, "Shemeji!" Wakageuka wawili. Wale wawili waliokuwa mahali salama ndio waliogeuka, wakanipungia mkono. Yeye wa kati alidhani naita mmojawapo wa wale.

Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu, Roza. Nililisikia kwenye ulimi kama pande la nyama. Nilikuwa na nafasi ya kulitamka, hata mara mbili. Sikulitamka, kwa sababu nilikuwa mkazamwana mwenye adabu.

Watu walinisifu kwa kilio changu msibani. Hakuna aliyejua nalilia nini. Mume wangu alikufa bila kujua.

Aliitwa Osmonaly.

Jumagul ameweka kalamu chini ananitazama, maana ni mara ya kwanza nalitamka, na nina miaka sabini na sita. Andika, Jumagul. Osmonaly. Osmonaly. Ona, paa la nyumba halijaanguka.

Heshima ni kitu kizuri, mkwe. Lakini sisi tulimheshimu mtu mpaka akazama.

Basi sikilizeni desturi. Kwetu At-Bashy, susu likitoka kwa watu wa mama, kamba hazifungwi mpaka mtoto aitwe jina lake juu ya susu: mara tatu na mama yake, mara tatu na bibi yake mzaa baba. Kwa sauti inayofika mlangoni. Tangu zamani ni hivyo. Asipoitwa, susu halilali nyumba hiyo. Nimemwambia Mukash alipakie kwenye gari arudi nalo usiku huo huo, na atarudi nalo, kwa sababu mimi namwogopesha kuliko ninyi.

Kama hamwezi kulitamka jina, lichukueni mumpe lingine. Kama mnalipenda, litoeni kinywani. Mtoto ni wenu kwa jina na wetu kwa susu, na Cholpon aliye katikati yetu ni binti yangu, anataka kumwita mwanawe.

Kwa moyo mzito na mkono mwepesi,
Mkweo wa At-Bashy

*

Talas, 6 Aprili 1997

Bibi! Bibi! Bibi!

Nitajaribu kueleza kwa mpangilio.

Baba aliingia na susu kichwani, amevaa kofia yake nyeupe, amepauka kama hiyo kofia. Wanawake walikuwa kama thelathini. Maandazi ya baraka yalisharushwa, watoto walisharuka kuyadaka, na shangazi mmoja alishaanza kutandika godoro dogo kwenye susu. Baba akasimama mbele yake akasema, "Hapana." Bibi, nilikuwa sijawahi kumsikia baba yangu akisema hapana. Akatoa barua. "Mama yangu amesema isomwe kwanza."

Mama mkwe alisoma. Kwenye soksi na kibomba wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kisha akafika kwenye mto. Alipofika kwenye jina la shemeji yako aliishusha barua, nikadhani ataikunja. Akalisoma. Akalisoma mara zote tatu, kama ulivyoandikisha. Humo ndani hakuna aliyetafuna.

Alipomaliza, bibi mmoja mzee wa ukoo wao akapiga magoti yake akasema, "Mimi nina miaka themanini, desturi hiyo sijawahi kuisikia."

Baba akasema, "Mama yangu anaijua."

"At-Bashy ipi hiyo yenye desturi hiyo?"

"At-Bashy ya mama yangu," akasema baba, na akashika susu kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuondoka.

Yule mzee akataka kuendelea. Mama mkwe akamwambia, "Shangazi, nyamaza kidogo." Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo mkubwa. Akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Anza wewe, mwanangu. Ulimi wako nimeufungua. Mimi niliyekufunga ndimi ninayekufungua, na hawa wote mashahidi."

Nikamnyanyua juu ya susu. Mara ya kwanza hakikutoka kitu, ni pumzi tu. Mara ya pili nilinong'ona, na kutoka mlangoni wakapiga kelele, "Hatusikii huku! Mwalimu gani huyu!" Bibi, nikakumbuka darasa langu, nikajaza kifua nikaita kama ninavyowaita watoro walioko uwanjani:

"Burul!"

Akashtuka akalia kwa sauti yake ile ya ng'ombe, wote wakapiga makofi, "Ameitika! Ameitika!" Sasa nimeliandika, umeona? Burul. Burul binti Kubat. Ninaye mwanangu, anaitwa Burul, na mume wangu anaitwa Kubat.

Kisha zamu ya mama mkwe. Alifunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Akasema, "Mama, nisamehe," sijui alikuwa anamwambia nani, aliye juu ya susu au aliyeko kaburini. Akaiondoa ile ncha. Alisema jina la kwanza kama mtu anayeonja chai ya moto. La pili likatoka. La tatu alilipiga ukelele hasa, wanaume waliokuwa nje wakaingia mbio wakidhani nyumba inaungua, na baba mkwe wangu, mtu mzima wa miaka sitini na sita, akasimama mlangoni akauliza, "Nani amemwita mama yangu?"

Sote tulikuwa tunalia na kucheka. Akaja akamtazama mtoto, akamtazama mkewe, akatoka nje, na nikamwona kupitia dirisha ameinama kwenye zizi la farasi mabega yanatikisika.

Kamba tumezifunga. Amelala kama jiwe. Susu lako linalia kwa upande mmoja ukilibembeza, ndivyo lilivyokuwa?

Naandika huku namwita bila sababu yoyote.

Cholpon

*

Talas, 12 Aprili 1997

Kwa mkwe wangu mheshimiwa, wa At-Bashy,

Natumaini goti lako linaendelea vizuri, mkwe. Kwetu, sote tu wazima.

Nakuandikia, mkwe, kwa sababu kuna jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Mkwe, nimeuliza. Katika kiwanda cha kuoka mikate nilikofanya kazi kuna mwanamke wa kwenu, alizaliwa mtaa wa pili kutoka posta. Nilimweleza desturi ya At-Bashy ya kumwita mtoto juu ya susu mara tatu. Alisema hajawahi kuisikia. Mkwe, desturi hiyo haipo. Haijawahi kuwapo. Uliitunga.

Nilikasirika siku nzima. Nilisomeshwa uongo mbele ya wanawake thelathini nyumbani kwangu mwenyewe. Nilikuwa tayari kukuandikia maneno makali, mkwe, na niliyaandika.

Kisha asubuhi nikatoka kuanika nguo. Cholpon alikuwa upande wa pili wa ua anamwita mtoto kwa kuimba, na mimi bila kufikiri nikaitikia kwa kumwita vilevile, tukawa tunaitana hivyo, yeye huku mimi kule, jina la marehemu linapita hewani juu ya mashuka. Miaka thelathini na moja nilimpikia yule mama. Nilimpenda kuliko mama aliyenizaa. Alipokata roho nilitaka kumwita, sikuweza, nikamwambia "Mama, Mama," kama kila mtu. Nilichagua jina lake kwa mtoto ili libaki nyumbani. Sikuona kwamba nalifungia ndani ya sanduku lile lile.

Ile barua ya maneno makali nimeitia motoni.

Lakini nakuomba jambo moja, mkwe, na naomba uniahidi. Usimwambie mtu kwamba desturi uliitunga. Wiki hii wamekuja wakazamwana wawili wa jirani kuniuliza utaratibu wake ukoje, na jana kwenye susu la mjukuu wa mwalimu mkuu waliifanya, mara tatu na mara tatu, na yule Shangazi wa miaka themanini alikuwa amekaa mbele akiwaelekeza, "Kwa sauti! Ifike mlangoni! Ndivyo ilivyo tangu zamani."

Wako kwa heshima,
Mkwe wako wa Talas

*

At-Bashy, 24 Aprili 1997

Roza!

Nimecheka mpaka Jumagul ameniletea maji. Mwambie Shangazi huyo nampenda bila kumwona.

Niliitunga, naam. Niliitunga nikiwa nakamua ng'ombe, na ng'ombe hakupinga. Desturi zote zilianza kwa bibi mmoja mwenye mdomo, tofauti ni kwamba wale wengine wamekufa, huwezi kuwaandikia barua ukawakasirikia. Haikuwapo, ndiyo. Sasa ipo. Na huku At-Bashy nimeianzisha Jumapili, kwa mjukuu wa Traktorbek, nikawaambia inatoka Talas.

Uliniomba nisimwambie mtu. Sitamwambia. Jumagul naye ameapa kwa mkate.

Mwambie Cholpon susu linalia hivyo hivyo kwa upande ule tangu baba yake alipolipiga teke akiwa na miaka mitatu. Asilitengeneze.

Tumemaliza. Limebaki moja. Katika barua yako umeniita mkwe mara saba, Jumagul amezihesabu. Miaka minne sasa mkwe, mkwe, kama sijazaliwa na mtu. Nina jina mimi. Ni la kizamani, limechakaa kwenye kingo, hakuna mtoto wa leo anayepewa, wala simtaki apewe kwa lazima, lakini nalipenda. Simama hapo ulipo, uitishe nyumba nzima, Kubat na baba yake na Cholpon, na Burul mikononi, ulisome kwa sauti inayofika mlangoni.

Zuurakan